Kirikuu, Hiace au Canter: jinsi ya kuchagua gari la mizigo ukifanya kazi Tanga

Mtu akipata mtaji wa gari la mizigo hapa Tanga, ushauri wa kwanza anaopewa kijiweni ni "chukua Canter, utakuja kunishukuru." Wa pili ni "anza na Kirikuu, haili mafuta." Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anasemea mzigo wake yeye, si wako.

Niseme msimamo wangu mapema. Nunua gari la mzigo unaoubeba siku za kawaida, na ule mkubwa unaokuja kwa msimu ukodishie. Wengi hufanya kinyume. Anapata oda moja ya mifuko mia ya saruji kwenda Korogwe, damu inachemka, ananunua lori. Oda ile haijirudii, na lori linabaki kubeba katoni za sabuni kutoka Chumbageni hadi Makorora.

Ninaposema gari dogo nina maana ya Kirikuu, Townace na Hiace. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo cha Kijapani, lina bodi ya wazi na mengine ni ya kufungwa, lakini nayaweka kapu moja kwa sababu mwenye Kirikuu na mwenye Hiace hugombea wateja walewale. Lori hapa ni Canter. Fuso, lori kubwa kuliko Canter, nitaligusa kidogo tu, na semi nawaachia wenye semi.

Hatua ya 1: Pima mzigo, usiukadirie

Tafuta daftari. Kwa mwezi mzima andika kila mzigo: ni kitu gani, kilo ngapi, unajaza nafasi kiasi gani, umepakiwa wapi, umeshushwa wapi. Kama bado hujaanza biashara, nenda kwa wenye maduka watatu au wanne wa Ngamiani na pale karibu na soko la Mgandini, uwaulize wanaagiza nini na mara ngapi kwa wiki. Ukiwakuta mchana wakati duka limepoa watakueleza mpaka uchoke.

Vitu vya viwandani havisumbui. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kiroba cha unga kilo 25, hesabu unaimaliza kichwani. Panaposumbua ni kwenye mazao. Gunia la viazi au karoti lililoteremka kutoka Lushoto likiwa limefungwa lumbesa, na kilemba chake juu, haliwezi kuhesabiwa kama gunia. Lumbesa imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo anaipigia kelele kila mwaka, lakini ukienda shambani unaikuta. Mwenye mzigo atakwambia "magunia kumi tu, kaka," nawe utabeba uzito wa kumi na matatu kwa nauli ya kumi. Beba mizani ya kuning'iniza, pima magunia mawili matatu, halafu ndiyo mzungumze bei.

Upande wa pili ni ujazo, na hapa ndipo Hiace linapowaangusha watu. Hiace refu la mizigo lina nafasi ya ndani yenye urefu wa karibu mita 3, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.3, sawa na mita za ujazo 6 hivi. Chukua magodoro ya futi 5 kwa 6, unene wa inchi 8. Ukibananisha sana yataingia kumi, na kilo zote hazifiki 200. Gari limejaa, uzito haujafika hata robo ya uwezo wake. Mwenye duka la magodoro anayetazama tani kwenye kadi atanunua gari lisilomfaa. Vivyo hivyo kwa anayebeba matenga matupu, viti vya plastiki, au mifuko ya vitafunwa vya watoto.

Kinyume chake ni saruji, nondo na vigae, ambapo bodi inaonekana tupu huku springi zimelala.

Ukimaliza mwezi, pitia daftari. Usitafute siku kubwa kuliko zote. Tafuta uzito unaojirudia.

Hatua ya 2: Soma kadi ya gari kabla hujasikiliza dalali

Kadi ya usajili ina uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa jumla linaoruhusiwa kuwa nao. Toa mdogo kwenye mkubwa, unachopata ndicho uwezo wa kubeba, na humo humo wamo dereva, tandiboi, mafuta, turubali na tairi ya akiba. Kwa mfano kadi ikisema tupu kilo 2,600 na jumla kilo 5,800, zinabaki 3,200. Toa watu watatu na vikorokoro, sema 2,800 umeshabakiza kidogo.

Kirikuu la Japani, lile la injini ya cc 660, limetengenezwa kwa mzigo wa kilo 350. Ni mifuko 7 ya saruji. Najua umeyaona yakipita na mifuko 15, nami nimeyaona pia, na nimeyaona yamekaa pembeni ya barabara tairi la nyuma limepinda kwa ndani. Townace lina nafasi ya kilo 750 hivi, Hiace la mizigo tani moja na zaidi kidogo kutegemea toleo. Canter yapo ya namna nyingi, kuanzia tani 2 hadi zaidi ya 3, na mengine yana bodi fupi ya mita 3 wakati mengine yana ya mita 4.3. Dalali atakuambia yote ni "Canter tani nne." Soma kadi.

Mafundi wa hapa wanajua kuongeza springi za nyuma ili gari lisilale. Gari kweli halitalala. Lakini breki, difu, beringi na tairi ni zilezile za zamani, na wakati wa kusimama hazitakumbuka kwamba umeongeza springi.

Hatua ya 3: Andika njia zako, moja moja

Hapa kaa muda mrefu. Njia ndiyo inayoamua zaidi ya kitu kingine chochote, na Tanga ina njia za kila aina ndani ya mkoa mmoja.

Anza na mjini. Ngamiani imepangwa vizuri kwa barabara zake za namba, lakini mpango wa mitaa ni jambo moja na siku ya biashara ni jambo jingine. Meza zimetoka nje, bajaji zimesimama, guta limeziba nusu ya njia, na duka unaloshusha liko katikati. Canter litaingia, sikatai. Swali ni litakaa pale dakika ngapi kabla hujaanza kupigiwa honi, na tandiboi atabeba katoni umbali gani. Hiace linasimama mlangoni, unafungua mlango wa pembeni, unatoa vitu sita vya duka hilo, unaondoka. Kama kazi yako ni kupita maduka kumi na tano kwa asubuhi moja, kila moja linashusha kidogo, gari dogo linashinda hata kama jumla ya mzigo ni tani moja na nusu na itabidi urudi stoo mara ya pili. Kumbuka pia ushuru wa maegesho wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), unaolipwa kwa namba ya malipo. Deni lisipolipwa linabaki kwenye namba ya gari.

Kutoka mjini kwenda Muheza, Segera na Korogwe ni lami iliyotulia, na malori ya masafa yapo mengi. Vivyo hivyo kwenda Horohoro kupitia Mkinga, kilomita 65 hivi za lami mpaka mpakani. Kwenye njia hizi hakuna sababu ya barabara ya kukuzuia kuchukua lori. Hapo amua kwa uzito na hesabu za hatua inayofuata.

Lushoto ni habari nyingine. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita zaidi ya 30 za kupanda, kona baada ya kona, mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Kirikuu lililojazwa linapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, na injini ya cc 660 ikichemka pale Soni utajua kwa nini nimekuandikia haya. Lakini kupanda si ndiyo hatari yenyewe. Mzigo wa Lushoto huja ukiteremka: kabichi, viazi, karoti, matunda. Gari dogo lililozidishiwa linashuka likikanyagiwa breki mfululizo mpaka breki zinapata moto na kuacha kushika. Canter zima, lenye breki ya injini inayofanya kazi na dereva anayejua kushuka kwa gia aliyopandia, linafaa zaidi kwa kazi hiyo. Kama Lushoto ndiyo mkate wako, Kirikuu litoe kwenye orodha sasa hivi. Hiace la dizeli lipe nafasi, kwa masharti kwamba hutazidisha.

Halafu kuna njia za udongo: kwenda Amani, Maramba ndani ndani, vijiji vya Handeni. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa milimani unateleza kama sabuni. Gari linalosukumwa na tairi za nyuma tu likiwa tupu linacheza, iwe Hiace au Canter. Hapa Kirikuu la fofoo, lile linalosukumwa na tairi zote nne, linajishindia heshima, maana ni jepesi, linapita katikati ya migomba, na likikwama watu wanne wanalinyanyua. Canter likizama, unatafuta trekta. Wenye kununua viungo na matunda huko juu mara nyingi hugawa kazi: gari dogo linakusanya vijijini, lori linasubiri Muheza kwenye lami. Ni mpango mzuri, uige.

Pangani sina mengi, ila chumvi. Ukibeba samaki kutoka huko au hata Deep Sea hapa mjini, maji ya barafu na chumvi yanakula sakafu ya gari. Hiace la samaki ni la samaki tu. Usidhani Jumatatu litabeba dagaa na Jumanne litabeba vitambaa. Kwa samaki ningechukua bodi ya wazi yenye makasha ya barafu, inayooshwa kwa ndoo mbili za maji baridi na kukauka juani.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya siku nzima, si ya lita tu

Ulaji wa mafuta upime mwenyewe: jaza tangi mpaka juu, andika kilomita, fanya kazi ya siku mbili, jaza tena mpaka juu, gawanya kilomita kwa lita. Pima likiwa na mzigo. Namba za mwenye gari anayekuuzia ni za kushuka mlima bila abiria. Bei ya mafuta chukua kwenye bei kikomo za EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji), zinazotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Uzuri ni kwamba zina hesabu ya mafuta yanayoshushwa bandari ya Tanga, si ya Dar es Salaam peke yake. Angalia petroli na dizeli zote mbili, kwa kuwa Kirikuu linatumia petroli, Canter dizeli, na Hiace yapo ya aina zote.

Sasa mfano. Namba hizi ni za kufundishia, weka zako. Tunapeleka mzigo Muheza, kwenda na kurudi kilomita 80, lita moja 3,000. Hiace linakwenda kilomita 10 kwa lita na kubeba tani 1. Canter linakwenda kilomita 5 kwa lita na kubeba tani 3. Tripu moja ya Hiace ni mafuta ya 24,000, ya Canter 48,000.

Ongeza gharama ambazo zipo hata gari likilala: mshahara wa dereva, tandiboi kwa Canter, bima, leseni, akiba ya tairi na matengenezo. Tuseme kwa mwezi ni 900,000 kwa Hiace na 1,800,000 kwa Canter, na magari yote yanafanya kazi siku 24. Kwa siku ni 37,500 na 75,000.

Mzigo wa siku ukiwa tani 2: Hiace linapiga tripu mbili, mafuta 48,000 na gharama za siku 37,500, jumla 85,500. Canter linapiga tripu moja, 48,000 na 75,000, jumla 123,000. Hiace limeshinda kwa mbali.

Mzigo ukiwa tani 6: Canter linapiga tripu mbili, 96,000 na 75,000, jumla 171,000, yaani 28,500 kwa tani. Hiace haliwezi kumaliza. Tripu sita za Muheza kwa siku ni ndoto. Hata likipiga tatu kwa kukimbizana, inatoka 36,500 kwa tani. Canter limeshinda, na dereva amerudi nyumbani magharibi akiwa mtu.

Katikati, kwenye tani 3 hivi, hesabu ya jumla inakaribia kulingana na kinachoamua ni saa. Kupakia mara tatu na kushusha mara tatu kunakula siku. Mteja anayetaka mzigo wote ufike kabla duka halijafunguliwa atamchukua mwenye Canter hata kama ni ghali kidogo.

Rudia hesabu hiyo sasa kwa Canter linalopata kazi siku 10 kwa mwezi badala ya 24. Zile 1,800,000 zikigawanywa kwa 10 ni 180,000 kwa siku kabla hujaweka tone la dizeli. Hapo ndipo wengi wanapoanza kuuza lori kwa bei ya kutupa, na majirani wanasema amelogwa.

Kisha kuna mzigo wa kurudi. Watu husema juu ya Tanga "waja leo, waondoka leo," na kwa mwenye lori ni wosia mzuri ajabu: uje na mzigo, uondoke na mzigo. Canter linalopeleka saruji kutoka Pongwe kwenda Korogwe na kurudi tupu linalipa nusu ya mafuta kwa kusafirisha upepo. Likirudi na machungwa ya Muheza au mahindi ya Handeni, biashara inabadilika. Kabla ya kununua lori, uwe na angalau watu wawili upande wa pili watakaokupa mzigo wa kurudi kwa uhakika, si wa kubahatisha. Kama huna, gari dogo linavumilia kurudi tupu kuliko lori. Na ukumbuke mazao ya kurudi hayapendi bodi ya chuma iliyofungwa: machungwa na kabichi ndani ya Hiace mchana wa Februari yanafika yamechemka. Bodi ya wazi na turubali lililofungwa likiacha hewa ndiyo yake.

Bodi ya kufungwa nayo ina siku zake. Dawa, simu, vipodozi, vitambaa, unga wakati wa mvua, kila kitu ambacho mkono wa mtu unaweza kukichomoa gari likiwa kwenye foleni, kipeleke kwenye Hiace lenye kufuli.

Hatua ya 5: Sheria zinazotenganisha gari dogo na lori

Nitapita haraka, lakini usiruke.

Mizani. Magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 yanatakiwa kupita kwenye mizani za TANROADS. Hiace kwa kawaida liko chini ya hapo, Canter liko juu. Sheria ya kudhibiti uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, ndiyo inayotumika, na haitazami jumla peke yake: kila ekseli ina kiwango chake. Kwa hiyo Canter au Fuso linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado likakamatwa kwa sababu mzigo wote umerundikwa nyuma. Mfundishe tandiboi kupanga kuanzia mbele.

Leseni ya dereva. Kijana anayeendesha gari dogo la nyumbani si lazima awe na daraja la kuendesha lori. Kwenye lori watu huulizia daraja E. Tazama leseni yake mwenyewe, usikubali "ipo nyumbani."

Usajili. Gari la biashara linatembea na namba nyeupe, si ya njano, na linahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Hiace nyingi zilizopo sokoni ni daladala zilizostaafu. Ukiondoa viti ukaligeuza la mizigo, mabadiliko hayo yaingie kwenye kadi kupitia TRA.

Mazao. Kwenye bajeti ya 2017/18 serikali ilitangaza kwamba mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru. Angalia jinsi mpaka huo ulivyokaa: ni mzigo wa Hiace. Mwenye Canter anasimama kwenye geti na kutoa risiti ya ushuru, kwa hiyo aiweke kwenye nauli tangu mwanzo au akubaliane na mwenye mzigo nani analipa. Mbao na mkaa vina vibali vyake vya TFS (wakala wa misitu), uwe na gari la ukubwa wowote. Na kila mzigo wa dukani usindikizwe na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), kwani anayesimamishwa njiani ni dereva, si aliyeuza.

Bima ya tatu ndiyo ya lazima kisheria. Inalipia madhara kwa mtu mwingine, haigusi gari lako wala katoni za mteja ulizopindua Soni. Ukianza kubeba mali ya thamani, ulizia bima kubwa, na bima ya mizigo uiombe peke yake.

Hatua ya 6: Kodi kwanza

Kabla hujatoa pesa ya kununua, fanya kazi ya mwezi mmoja au miwili kwa gari la kukodi. Wenye Canter wapo vijiweni na wanajulikana. Elewaneni kwa tripu, si kwa siku, na msemezane waziwazi nani analipa mafuta, nani analipa makuli wa kupakia na wa kushusha, na nini kinatokea gari likiharibika njiani na mzigo juu. Mambo haya yakisemwa kabla ya safari ni mazungumzo. Yakisemwa Segera saa nane usiku ni ugomvi.

Ukikuta kwamba kwa mwezi umekodi Canter mara tatu au nne, endelea kukodi na ununue Hiace. Ukikuta unakodi kila baada ya siku mbili, na mwenye Canter ameshaanza kukuita bosi, umeshamnunulia gari moja. La pili lako.

Njia ya kati ambayo watu hawaifikirii ni magari mawili madogo badala ya lori moja. Faida yake unaiona siku moja likiingia gereji. Canter likilala, biashara nzima imelala na wateja wamepigia simu mwingine. Hasara ni madereva wawili, na kila dereva ni hesabu yake ya jioni ya kufuatilia. Ukiwa mtu wa kukaa dukani usiyependa kufuatilia watu, usijitie.

Fuso? Ukiwa na mkataba wa kupeleka mzigo Dar es Salaam au Arusha kila wiki, ndiyo. Kwa kusambaza Tanga mjini, hapana kabisa.

Hatua ya 7: Kagua gari lenyewe

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gari lililopashwa moto mapema linaficha ugumu wa kuwaka. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na uchague injini ambayo gereji za hapa zinaijua na spea zake hazisubiriwi kutoka Dar: kwa Canter, 4D32 na 4D33 ndizo wanazozifungua wamefumba macho, kwa Hiace za dizeli, 3L na 5L.

Kwa Canter, lala chini utazame chesesi yote, hasa nyuma ya kichwa na juu ya ekseli ya nyuma. Kulehemu mahali hapo ni historia ya kuzidisha mzigo. Sikiliza difu ukiachia mafuta kwenye mwendo; ikilia, punguza bei au ondoka. Hesabu tairi: Canter lina sita na ya akiba, Hiace nne na ya akiba. Kila tairi ina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi yenye meno mazuri ya miaka kumi iliyopita bado ni tairi mbovu. Kwa Hiace hakikisha ni tairi za mzigo, zenye alama ya LT au C, maana wauzaji hufunga za gari dogo ili lionekane limevaa viatu vipya.

Kwa bodi ya kufungwa, ingia ndani, mwambie mtu afunge milango mchana wa jua kali, utazame. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni mahali ambapo mvua itaingia kwenye unga wa mteja. Nyanyua zulia la sakafu, kwa hapa pwani kutu huanzia huko chini.

Linganisha namba ya chesesi na kadi, herufi kwa herufi. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone faini za trafiki ambazo hazijalipwa, na uulizie deni la maegesho TARURA. Pesa ilipwe benki kwa jina lililo kwenye kadi, mkataba usainiwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe TRA ndani ya wiki hiyo hiyo, kabla gari halijabeba hata mfuko mmoja.